Kuifufua Cherehani ya Kukanyaga Ufukweni mwa Ziwa Mweru

Kabla hujaiuza cherehani ya marehemu mama kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, shika gurudumu lake uligeuze kwa mkono. Likigoma, usiitangazie msiba. Nyingi ya cherehani za kukanyaga zinazolala uvunguni au kibarazani huku ufukweni, zikiwekewa ndoo na nguo juu yake, hazijafa. Zimegandishwa na mafuta yasiyofaa, uzi uliojisokota ndani na kutu ya juujuu. Kuzirudisha kazini hakuhitaji karakana. Unahitaji mafuta ya taa nusu lita, mafuta halisi ya cherehani, bisibisi mbili tatu zinazokaa sawasawa kwenye skrubu, mswaki mkuukuu, vitambaa, simu ya kupigia picha, na subira ya siku kadhaa.

Nawaandikia washonaji wa Nchelenge na Kashikishi, wa kisiwa cha Kilwa kilichomo ziwani, wa mji wa Kilwa ulioko ng'ambo upande wa Kongo, na wa Mantapala, makazi yaliyofunguliwa mapema mwaka 2018 kwa ajili ya wakimbizi waliovuka kutoka Haut-Katanga na Tanganyika. Msomaji wa Kilwa Masoko au wa Kisumu naye atafaidika, maana chuma ni kilekile. Ila huku kwetu zipo sababu za pekee za kuithamini mashine kuukuu kuliko mpya.

Umeme ndio sababu inayoonekana na kila mtu. Mwaka 2024, ukame uliposhusha maji ya bwawa la Kariba hadi mitambo ya umeme ikakosa nguvu, Zambia nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Aliyekuwa na mashine ya kukanyaga aliendelea kushona mchana kutwa mlangoni pake. Sababu iliyo nzito zaidi kwangu ni vipuri. Mashine mpya nyepesi za nyumbani nyingi zina gia za plastiki ndani. Gia hiyo ikipasuka, hutaipata Kashikishi wala Mansa, na pengine hata Lubumbashi hutaipata, kwa kuwa kila toleo lina gia yake. Mashine ile ya chuma cheusi haina gia ya plastiki hata moja, na sehemu zake zinazochakaa upesi ni zilezile kwa mashine za kampuni nyingi.

Jambo hili linastahili maelezo, kwa sababu ndilo linalokupa nguvu sokoni. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya Singer ilibuni mashine iliyoiita darasa la 15, na kiwanda chake cha Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, kiliipeleka duniani kote. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wajapani waliiga umbo hilo, na Wachina na Wahindi nao pia. Butterfly inayotoka Shanghai, ambayo huku ndiyo imejaa, ni ndugu wa damu wa Singer 15. Kwa hiyo bobini, nyumba ya bobini, shatoli, sindano na mguu wa kukandamiza vya mashine hizi huazimana. Ukitaka kuitambua, fungua kibamba cha kuteleza kilicho kushoto kwa sindano utazame chini: ukiona bobini imesimama wima ndani ya nyumba yake ya chuma, na nyumba hiyo inachomolewa kutoka upande wa kushoto, uko kwenye ukoo huu. Bobini yake ina upana wa milimita 20 hivi, na pande zake mbili ni bapa.

Ukikuta shatoli refu lenye umbo la mtumbwi linalokwenda mbele na kurudi nyuma, hiyo ni mashine ya zamani zaidi. Inashona vizuri sana, lakini shatoli na bobini yake ndefu havipatikani kirahisi. Usiinunue kama havimo ndani.

Chagua mwezi wa kazi

Upande wa Zambia shule hufungua mwaka mpya Januari. Upande wa Kongo hufungua Septemba. Mshonaji wa Mweru anayepata wateja wa pande zote mbili ana misimu miwili ya sare, na katikati yake, mwishoni mwa Julai, kuna sherehe ya Mutomboko kule Mwansabombwe, ambako watu hawaendi na nguo za jana. Tena Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa upande wa Zambia, pesa hupotea mikononi mwa watu, na mvua huwa kali. Usiifungue mashine yako wakati huo. Kazi kubwa ya kuisafisha ifanye Mei, mvua zikikatika, au Oktoba, jua linapowaka na sare za Kongo zimekwisha kwenda. Jua la Oktoba litakusaidia kazini, kama utakavyoona.

Kama mashine inatoka ng'ambo kwa boti, usiisafirishe ikiwa mezani. Legeza skrubu mbili za bawaba zilizo nyuma ya kitako, vua mkanda, inua kichwa peke yake. Kifunge kwenye blanketi, kisha ukiweke juu ya mzigo mwingine, mbali na maji yanayokaa chini ya boti. Toa sindano, nyumba ya bobini na bobini, uvifunge kitambaani na kuvitia mfukoni mwako. Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyopotea safarini, na bila hivyo umebeba chuma tu.

Tafuta panapogoma

Mashine iliyokwama imekwama mahali fulani. Kazi yako ya kwanza ni kupajua mahali hapo, wala si kuilazimisha. Kamwe usikanyage kwa nguvu, usigonge kwa nyundo, usining'inie kwenye gurudumu. Vyuma vya ndani ni vigumu, lakini viungo vyake vidogo huvunjika.

Anza na gurudumu la mkono. Katikati yake kuna kitasa cha duara; kilegeze ukielekea kwako. Kama gurudumu sasa linazunguka peke yake, basi tatizo liko ndani ya kichwa. Kama bado limeganda, tatizo liko kwenye gurudumu lenyewe au kwenye uzi uliojizungusha nyuma yake. Uzi huo hujificha vizuri, hivyo chukua tochi na sindano ndefu uuchokonoe.

Kisha nenda upande wa chini. Toa nyumba ya bobini, fungua vikulabu viwili (kwa mashine nyingine ni skrubu) vinavyoshika pete ya shatoli, toa pete, toa shatoli. Shatoli ni kile chuma chenye ncha ya ndoana kinachoyumba nusu duara na kuupitisha uzi wa juu kuizunguka bobini. Hapa ndipo pachafu kuliko pote. Mara nyingi utakuta kipande cha uzi kimejibana nyuma yake, au ncha ya sindano iliyovunjika miaka mingi iliyopita. Ukishatoa uchafu huo, jaribu gurudumu tena. Usishangae likizunguka: shatoli lililobanwa na uzi ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya mashine kusimama ghafla, na wapo watu walioziuza mashine zao kwa sababu ya uzi wa urefu wa kidole.

Kama bado imegoma, fungua bamba la uso upande wa kushoto. Itazame fimbo ya sindano inayopanda na kushuka, mkono wa kuvuta uzi, na fimbo ya mguu wa kukandamiza. Kisha laza kichwa ubavuni ukague vyuma virefu vya chini vinavyosukuma meno. Jaribu kutikisa kila kimoja kwa vidole. Kile kisichotikisika hata kidogo, au chenye utando wa rangi ya chai nzito, ndicho mgonjwa wako.

Kuyeyusha mafuta yaliyoganda

Huku ufukweni mafuta ya mawese ni rahisi kupatikana, na mafuta ya cherehani ni ghali. Kwa hiyo watu hutia mawese. Natamani ningeweza kulipigia mbiu jambo hili kila kijiji kuanzia Nchelenge hadi Chiengi: mafuta ya kupikia huiua cherehani. Mawese huganda hewa ikipoa, na usiku wa Juni huku unapoa kwelikweli. Mafuta ya alizeti na ya soya ni mabaya zaidi, kwa kuwa yakikaa hewani hugeuka utando mgumu unaonata kama vanishi. Mafuta machafu ya injini nayo hubeba masizi na chembe za chuma zinazokwangua ndani. Mafuta ya breki huibambua rangi. Mafuta ya cherehani ni mepesi, maangavu kama maji, na hayagandi. Kichupa kimoja kidogo kinatosha miezi mingi.

Chukua mafuta ya taa. Peleka kazi nje, upepo upite, mbaula na sigara vikae mbali. Kila tundu la mafuta juu ya kichwa na kila kiungo kinachogusana na kingine, ukitie matone mawili matatu. Usimwage. Ukitumia sindano ya hospitali isiyo na ncha, au unyoya wa kuku, utafika mahali ambapo kidole hakifiki. Kisha iache. Kesho yake tia tena, weka kichwa juani saa kadhaa hadi chuma kipate joto, jaribu gurudumu kwa upole, mbele kidogo, nyuma kidogo. Chuma cha moto hutanuka na utando hulegea. Hii ndiyo faida ya jua la Oktoba. Mashine iliyoganda sana inaweza kuhitaji juma zima la kutia, kuanika na kutikisa. Siku itakapoanza kusogea upana wa kucha, ujue umeshashinda, endelea hivyohivyo.

Ikishazunguka yote, sugua kila kiungo kwa mswaki na mafuta ya taa mpaka kitambaa kitoke kisafi. Halafu, siku hiyohiyo, tia mafuta ya cherehani kila mahali ulipotia ya taa. Mafuta ya taa husafisha lakini hayalainishi. Ukiiacha mashine nayo tu, chuma kitakwanguana kikavu na kutu itarudi kabla ya mwezi kwisha.

Rangi nyeusi na nakshi za dhahabu zihurumie. Juu ya nakshi hizo, hasa kwenye Singer za zamani, kuna tabaka la sheleki, na sheleki huyeyushwa na pombe kali. Kwa hiyo usipanguse kichwa kwa spiriti, wala kwa kachasu kama wengine wafanyavyo wakitaka king'ae. Kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani kinatosha: zungusha polepole, pangusa, rudia. Na nakusihi usiipake rangi mpya ya kupuliza. Rangi huziba matundu ya mafuta, huingia kwenye viungo, na hufunika namba ya mashine, ambayo kwa Singer ndiyo inayokuonyesha mwaka ilipotengenezwa. Mikwaruzo ya miaka sitini haizuii mashine kushona.

Kutu iliyo kwenye bamba la sindano, gurudumu na vyuma vingine vyeupe, isugue kwa nyuzi laini za chuma zilizochovywa mafuta. Usitumie nyuzi hizo kwenye sehemu nyeusi.

Kufungua bila kupoteza

Skrubu za cherehani si skrubu za dukani. Singer ilikuwa na vipimo vyake, na skrubu iliyoharibiwa kichwa haina mbadala wa karibu. Ncha ya bisibisi ijaze mfereji wote wa skrubu, mwanzo hadi mwisho; kama ni nene, ichonge kwa tupa hadi ikae. Skrubu ikigoma, tia mafuta ya taa na uiache hadi kesho. Piga picha kabla ya kutoa kila kitu, na vitu vyote uvipange kwenye kitambaa cheupe kwa mstari, kuanzia cha kwanza kutoka hadi cha mwisho. Kurudisha ni kuanzia mwisho wa mstari.

Sehemu moja inayowashinda wengi ni kile kifundo cha mkazo wa uzi. Ukikifungua utakuta visahani viwili, kipini kidogo, springi ya mviringo, na springi nyembamba yenye mkia inayoukamata uzi. Vikiruka vyote kwa pamoja, utahangaika. Kama hakuna kutu, usikifungue. Inua mguu wa kukandamiza, visahani vitaachana. Pitisha kati yake kitambaa chembamba chenye mafuta ya taa, ukivute kulia na kushoto mpaka kitoke safi. Mara nyingi mkazo uliodhaniwa kuharibika ni uchafu uliokaa kati ya visahani hivyo.

Meno nayo. Toa bamba la sindano, nawe utakuta chini yake vumbi la nyuzi lililoshindiliwa kati ya mistari ya meno hadi likawa gumu kama kibao. Likwangue. Cherehani isiyosukuma kitambaa huwa imeshiba vumbi hili, na fundi asiyejua humwambia mwenyewe kwamba meno yamekwisha. Ukirudisha bamba, geuza gurudumu utazame: meno yakifika juu kabisa, jino zima lionekane juu ya bamba. Likionekana nusu tu, kuna skrubu chini ya kichwa inayoinua ule mhimili wa meno.

Shatoli liangalie kwa mwanga mzuri, pitisha ukucha kwenye ncha yake. Ukihisi mkwaruzo, ni jeraha la sindano, nalo ndilo linalokata uzi kila baada ya mishono michache. Ling'arishe kwa msasa laini kabisa wa namba 1000 au zaidi, ukifuata upande ncha inakoelekea, bila kuifupisha. Ncha iliyovunjika au kuwa butu haifufuliwi. Nunua shatoli jipya. Tone moja la mafuta kwenye njia yake kabla ya kulirudisha.

Sindano kabla ya lawama

Sasa tia sindano mpya. Nasisitiza mpya, maana sindano ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndiyo inayosababisha nusu ya malalamiko. Sokoni sindano za viwandani zenye shina la mviringo huuzwa zikiwa zimechanganyika na zetu. Ya mashine hii ina shina lenye upande mmoja bapa. Isukume juu hadi mwisho kabisa kabla ya kukaza. Upande wa bapa utazame njia ya ncha ya shatoli. Upande wenye mfereji mrefu ndiko uzi unakoingilia. Ukiigeuza, mashine haitakamata uzi hata kidogo. Kwa kitenge na pamba ya kawaida tumia namba 90, ambayo pakitini huandikwa pia 14. Kwa kaki nzito na jinzi, 100 au 16.

Kama bado inaruka mishono, ndipo uangalie kama sindano na shatoli vinakutana kwa wakati. Geuza gurudumu kuelekea kwako hadi sindano ifike chini kabisa, kisha ianze kupanda. Ikishapanda milimita mbili na kidogo, ncha ya shatoli inapaswa kuwa inapita ubavuni mwa sindano, juu kidogo ya tundu lake, karibu sana bila kuigusa. Ncha ikipita chini ya tundu, fimbo ya sindano iko juu mno. Ikipita mbali juu ya tundu, iko chini mno. Nyuma ya bamba la uso kuna skrubu inayoibana fimbo hiyo. Kabla ya kuilegeza, weka alama ya penseli kwenye fimbo ili ujue ilipokuwa, kisha uisogeze unene wa karatasi tu kila mara. Kama hakuna aliyewahi kuigusa, hutalazimika kufanya kazi hii hata siku moja. Ndiyo maana naiweka baada ya sindano.

Mkazo wa uzi unatengenezwa kuanzia chini. Tia bobini kwenye nyumba yake, ning'iniza nyumba kwa uzi wake. Ikianguka moja kwa moja, kaza ile skrubu ndogo robo ya mzunguko. Isipotikisika hata ukiirusha kidogo, legeza. Iliyo sawa hukaa, na ukiirusha kidogo hushuka kidogo. Baada ya hapo usiiguse tena. Yaliyobaki yamalizie kwa kifundo cha juu. Vitanzi vikijaa chini ya kitambaa, tatizo liko juu: uzi haukuingia kati ya visahani au mkazo umelegea. Uzi wa chini ukichomoza juu, mkazo wa juu umezidi. Na uzi wa juu upitishe mguu ukiwa umeinuliwa, la sivyo hautaingia kwenye visahani.

Jaribu kwenye tabaka mbili za kitenge kikuukuu chenye rangi, uzi mweupe juu na mweusi chini, ili uone kwa macho kila uzi unakaa wapi.

Mguuni

Mtu anaweza kutengeneza kichwa vizuri kabisa, kisha mashine ikawa nzito miguuni, naye akakilaumu kichwa. Vua mkanda, kanyaga. Gurudumu kubwa la chini lizunguke mara kadhaa lenyewe baada ya kuacha kukanyaga. Lisipozunguka hivyo, safisha na kutia mafuta vitu vitatu: ekseli ya gurudumu, ile fimbo inayounganisha kanyagio na gurudumu, na vipini viwili vinavyobeba kanyagio. Vipini hivi vina nati za kufungia. Vikikaza sana kanyagio huwa zito, vikilegea hugonga. Fimbo ikigonga kila mzunguko, kiungo chake kimechakaa. Seremala mzuri atachonga fimbo mpya ya mti mgumu kama ni ya mti, au fundi wa baiskeli atakupa bolti na gololi zinazokaa.

Mkanda wa ngozi wa unene wa milimita tano hivi, uliounganishwa kwa kipande cha waya, ndio bora. Ukinyooka, toa waya, kata kidogo, toboa upya, funga. Kitanzi cha mpira wa baiskeli ambacho watu hutumia kinatosha kwa siku chache tu: hunyooka, huteleza, na huchosha magoti. Mkanda usikazwe kama kamba ya ngoma. Ukiubonyeza kwa kidole uingie kidogo. Na kumbuka kwamba gurudumu la juu huja kwako daima. Mwanafunzi anayeanza akikanyaga kinyume, uzi hujisonga kwenye shatoli, na utarudi pale tulipoanzia.

Ule mpira mdogo wa kujazia bobini ukiwa umekauka na kupasuka, pete ya mpira ya pampu ya maji yenye ukubwa unaolingana hufanya kazi ileile. Meza ikiwa imeliwa na mchwa, ichonge mpya kwa mukwa, mti ambao Tanzania huitwa mninga. Chukua vipimo kwa kukilaza kichwa juu ya ubao na kukizungushia penseli, wala si kwa kukadiria.

Baada ya hapo

Mashine inayoshona kutwa itiwe tone moja kila tundu kila asubuhi, na izungushwe kidogo juu ya kitambaa kichafu kabla ya kuguswa na kitenge cha mtu. Jioni, futa fimbo ya sindano na vyuma vyeupe kwa kitambaa chenye mafuta, hasa Novemba hadi Aprili. Ifunike kwa nguo, si kwa plastiki. Unyevu wa ziwa ukinaswa chini ya plastiki usiku, asubuhi utakuta matone, na matone ndiyo mama wa kutu.

Ukienda kununua kipuri, beba kile cha zamani mkononi uvilinganishe hapo hapo. Nyumba ya bobini isukume ndani ya mashine kama unaweza, usikie imejifunga. Zile za bati jepesi hazijifungi, na zikitoka katikati ya kazi huvunja sindano. Bobini ya chuma chagua badala ya plastiki.

Zipo mashine za kukataa. Kichwa chenye ufa katika chuma cha kusubu, hata ufa mdogo, hakishiki kulehemu kwa kazi hii. Fimbo ya sindano inayotikisika upande kwa upande imekula njia yake, na mshono wake hautanyooka kamwe. Mwambie mwenyewe ukweli, umwombe mashine hiyo kwa bei ya chuma, kisha uivunje. Toa mguu wa kukandamiza, kifundo cha mkazo, springi, bamba la sindano, meno, skrubu zote. Vitie vyote kwenye kopo lenye mafuta kidogo, uandike juu yake jina la mashine vilikotoka, kwa sababu skrubu moja ya bamba la sindano utakayoitafuta Januari, sare zikiwa zimerundikana na mvua inanyesha, hutaipata dukani.